Mama aliyeipiga eksirei lehemu, vidole vikiwa vimepinda

Juzi nilimsindikiza mjomba wangu kwenda kupima afya. Majibu yakaja kwamba lehemu iko juu, ile ambayo wengine wanaiita kolesteroli. Mzee katoka pale kama mtu aliyehukumiwa. Njiani akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kama kitu hiki kazi yake ni kuziba mishipa, kimewekwa mwilini cha nini?

Nikaingia kafe, nikalipia saa nzima, nikaanza kutafuta. Badala ya lehemu nikakutana na mama mmoja, saa ikaisha nikaongeza nyingine.

Dorothy Crowfoot Hodgkin alizaliwa Cairo, Misri, tarehe 12 Mei 1910. Wazazi wake Waingereza, baba alikuwa mtu wa elimu huko Misri na baadaye Sudan. Watoto walikuwa wanaachwa Uingereza muda mrefu, lakini akiwa na miaka 13 Dorothy akaenda Khartoum kuwatembelea wazazi. Huko akawa anachekecha mchanga kama wachimbaji wetu wadogo wa Geita, akapata punje nyeusi zinazong'aa. Rafiki wa familia, Dokta Joseph, mkemia wa udongo, akamsaidia kuzipima. Dhahabu haikuwa. Ilikuwa ilmenaiti, yaani madini ya chuma na titani. Dokta akampa sanduku la kemikali akacheze nalo. Basi, mtoto keshapotelea kwenye kemia.

Mwaka 1932, baada ya Oxford, akaenda Cambridge kwa mwanasayansi aitwaye Bernal. Hapo ndipo habari ya lehemu inapoanza. Wajerumani wawili wakubwa, Wieland na Windaus, walikuwa wameshachukua Tuzo za Nobel, na mchoro wao wa umbo la lehemu na ndugu zake ndio ulioaminika. Bernal akazipiga eksirei fuwele za ndugu mmojawapo, ergosteroli ya fangasi, akaona vipimo haviingiani na mchoro ule kabisa. Molekuli ni nyembamba na bapa kama rula, wakati mchoro wa wakubwa uliifanya nene. Mwaka huohuo wa 1932 mchoro ukasahihishwa. Dorothy akaikuta kazi hii bado ya moto, akazipima steroidi moja baada ya nyingine, na shahada yake ya udaktari ya 1937 ikawa juu ya hizohizo.

Sasa sikilizeni hii. Akiwa na miaka 28, muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kwanza, viungo vikaanza kuvimba na kuuma. Baridi yabisi, ile kali. Mikono ikapinda na haikunyooka tena. Fikiria mtu ambaye kazi yake ni kushika fuwele ndogo kuliko punje ya chumvi! Swichi ya mashine ya eksirei ikamshinda, akatengenezewa mpini mrefu wa kuivutia, akaendelea na kazi.

Katikati ya vita kuu ya pili, yeye na mwanafunzi wake Harry Carlisle wakaitafuta lehemu yenyewe. Ukipitisha eksirei kwenye fuwele huoni umbo, unaona madoa tu kwenye filamu, inabidi upige hesabu kurudi nyuma. Wao wakatumia lehemu iliyobanduliwa kichwa chake cha oksijeni na hidrojeni, mahali pake ikapachikwa atomi ya ayodini. Ayodini ni nzito, inang'aa kwenye madoa kama taa ya boda gizani, ukiijua ilipo unaanza kuwapata na wengine. Mwaka 1945 wakachapisha: pete nne zilizoshikana, bapa, na mkia mfupi.

Na jibu la mjomba limo kwenye umbo hilo, ingawa tusimpe mama sifa zisizo zake, mambo ya utando walichunguza wengine. Kila seli yako imefunikwa utando wa mafuta, molekuli zenye mikia inayochezacheza. Lehemu inajipenyeza katikati yake, kichwa kikielekea kwenye maji, pete ngumu zikiegemea mikia. Joto likizidi, inaibana mikia isicheze ovyo. Baridi ikija, inaizuia isipangane ikaganda. Utando unabaki laini lakini hauvuji hovyo. Ingekuwa nene kama ule mchoro wa zamani, isingeweza kukaa hivyo. Ndiyo maana mwili, hasa ini, unaitengeneza wenyewe hata usipokula nyama. Balaa ni ile inayozidi kwenye damu na kujijenga kwenye kuta za mishipa.

Fangasi wao wanatumia ergosteroli kwa kazi hiyohiyo. Tofauti ni ndogo, lakini ndiyo inayotuokoa: amfoterisini inaishika ergosteroli kuliko lehemu yetu, na flukonazo inazuia isitengenezwe. Wagonjwa wengi wa UKIMWI waliopata homa ya uti wa mgongo ya fangasi wametibiwa kwa dawa hizo.

Mama akaendelea: penisilini, vitamini B12, na mwaka 1969 insulini. Habari ya Nobel ya Kemia ya 1964 ilimkuta Ghana, mumewe Thomas akiwa mkuu wa taasisi ya masomo ya Afrika pale Legon, na binti yao akifundisha sekondari ya wasichana Zambia. Gazeti moja kwao likamtangaza kama mama wa nyumbani aliyepata tuzo. Hivi kweli jamani? Mwanamke wa tatu tu duniani kuipata ile ya kemia!

Alifariki tarehe 29 Julai 1994. Mchoraji na mchongaji Henry Moore aliwahi kuchora picha yake, na alichochora ni mikono tu.

Mjomba nimemsimulia yote. Chipsi ameacha, ila anauliza kama mayai nayo yamo. Madaktari mnaopita hapa, msaidieni kwenye maoni.