Bell Aliwapa Viziwi Sikio, Akawanyima Mikono

Mwanafunzi akiulizwa Alexander Graham Bell alikuwa nani, hujibu kwamba ndiye aliyevumbua simu. Jibu hilo lina ukweli, ila limeacha nusu ya habari. Bell mwenyewe alijihesabu kwanza kuwa mwalimu wa viziwi. Anayetaka kujua asili ya shimesikio, yaani kile kifaa kidogo ambacho asiyesikia vyema hukivaa sikioni, hana budi kuyachunguza maisha ya bwana huyu.

Alizaliwa mjini Edinburgh, Uskoti, tarehe 3 Machi 1847. Babu yake alikuwa mwalimu wa matamshi. Baba yake, Alexander Melville Bell, alibuni alfabeti iliyochapishwa mwaka 1867, ambayo alama zake zilionyesha jinsi ulimi, midomo na koo zinavyokaa sauti inapotamkwa. Sisi wanaisimu twamhesabu miongoni mwa wazee wa fonetiki. Mama yake, Eliza, alikuwa na uziwi, na mtoto alizoea kusema karibu na paji la uso wake ili mama aihisi sauti.

Kifua kikuu kiliwaua ndugu zake wawili, na mwaka 1870 akahamia Kanada pamoja na wazazi wake. Mwaka uliofuata alianza kufundisha katika shule ya viziwi mjini Boston, Marekani, kwa kutumia alfabeti ya babaye. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Mabel Hubbard, aliyepoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya homa akiwa na umri wa miaka 5.

Majaribio ya kuifanya sauti ionekane kwa macho ya viziwi yalichangia kumfikisha kwenye simu. Hataza aliipata tarehe 7 Machi 1876. Julai 1877 kampuni ya simu iliundwa, na siku chache baadaye akamwoa Mabel na kumpa hisa zake zote isipokuwa 10. Hivyo basi, mali iliyoletwa na sauti ikawa mikononi mwa mtu asiyesikia.

Bell hakuwa mtengenezaji wa shimesikio. Hata hivyo, mwaka 1898 Mmarekani Miller Reese Hutchison alitumia maikrofoni ya kaboni, kama ile ya simu, kuunda kifaa cha umeme cha kukuza sauti, akakiita Akouphone. Miaka mingi baadaye, mwaka 1947, watafiti wa maabara zilizobeba jina la Bell walivumbua transista. Kampuni yao ilipoanza kuwauzia wengine haki ya kuitumia, iliwasamehe watengenezaji wa shimesikio ada ya hataza, kwa kumuenzi Bell. Kabla ya mwaka 1952 kwisha, kampuni ya Sonotone ilikuwa imetoa shimesikio lenye transista. Ndiyo maana mzigo wa betri uliokuwa ukibebwa kiunoni au kifuani ulipungua hadi ukatoweka.

Lakini wema huo haupaswi kutufumba macho. Bell alishikilia kwamba kiziwi hana budi kusema kwa kinywa na kusoma midomo. Mwaka 1883 aliwasilisha makala mbele ya wanasayansi wa Marekani, akieleza hofu yake kwamba viziwi wakizidi kuoana watazaa kizazi cha viziwi. Alizilaumu lugha ya ishara, shule za bweni na walimu viziwi kwa kuwakutanisha. Miaka 3 awali, mkutano wa walimu mjini Milan, Italia, ulikuwa umekwisha kuazimia usemi utangulie ishara. Kwa muda mrefu baadaye watoto wengi walikatazwa kutumia mikono darasani, na walimu viziwi wakapoteza kazi.

Kosa la Bell lilikuwa la kiisimu. Alichukulia kwamba pasipo sauti hapana lugha kamili. Mwaka 1960, William Stokoe alionyesha kwamba ishara za viziwi wa Marekani zina muundo wake, kama ilivyo lugha yoyote. Bell hakuishi kuyaona hayo, kwani alifariki huko Nova Scotia, Kanada, tarehe 2 Agosti 1922. Alipokuwa akizikwa, simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Nchini mwetu, Katiba ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Shimesikio hukuza sauti, wala halimfundishi mtoto lugha. Na yuko mtoto ambaye halimfai kitu. Mwalimu anayempokea mtoto wa namna hiyo asingoje kifaa kinunuliwe ndipo aanze kuzungumza naye. Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Tusimfunge huyu ubawa alio nao kwa kuwa si kama wetu.