Maisha ya Okot p'Bitek wa Gulu

Okot p'Bitek alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa Kiprotestanti. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake alikuwa mwimbaji na mchezaji ngoma hodari. Kwake ndiko Okot alikojifunza nyimbo nyingi za kwao. Alisoma Gulu, kisha King's College Budo karibu na Kampala, kisha akajifunza ualimu Mbarara. Alipohitimu alirudi kwao akafundisha katika shule ya Sir Samuel Baker, na miongoni mwa kazi zake alisomesha dini na kuongoza kwaya.

Watu wengi wanamjua kwa utenzi wake wa Lawino, uliotoka mwaka 1966 na baadaye ukatafsiriwa kwa Kiswahili. Lakini mimi nataka kuwaeleza wasomaji jambo jingine, nalo ni ubishi wake na wanachuoni Wakristo juu ya Mungu na dini za Waafrika. Ubishi huo unatuhusu hata sisi wa Mbeya na Iringa, kama nitakavyoonyesha.

Mwaka 1956 Okot alikwenda Uingereza pamoja na timu ya mpira ya Uganda. Wenzake waliporudi, yeye alibaki kusoma. Alisoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na mwaka 1960 akaingia Oxford kusoma elimu ya mila na desturi za watu. Katika miaka hiyo Ukristo wake ulimtoka, na baadaye alitangaza waziwazi kwamba haamini miungu, wala mizimu, wala uchawi.

Katika somo la kwanza kabisa huko Oxford alimsikia mwalimu akiwataja Waafrika kama washenzi na watu wa kale wasioendelea. Okot alipinga papo hapo, lakini hakusikilizwa. Basi tangu siku hiyo alianza kujiuliza: mtu anayeandika habari za imani ya wengine, je, anaandika anachokiona, au anaandika alichokuja nacho kichwani?

Jibu lake alilitoa mwaka 1970 katika kitabu alichokitunga juu ya dini za Afrika na wanachuoni wa Magharibi. Humo alisimulia kisa cha mapadre wa Kiitalia waliofika kwa Waacholi. Mwaka 1911 mapadre hao waliwauliza wazee ni nani aliyewaumba. Wazee walishindwa kuelewa, maana katika lugha yao hapakuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya Biblia. Mapadre wakageuza swali, wakauliza ni nani aliyewafinyanga, kama mtu afinyangavyo chungu. Wazee wakasema watu huzaliwa na mama zao. Mapadre hawakuridhika, wakazidi kuuliza. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba yupo pepo aitwaye Rubanga, ambaye huwafinyanga watu migongo wakawa na vibyongo. Akalitaja jina hilo. Mapadre wakafurahi, na tangu hapo Rubanga likawa jina la Mungu Muumba katika mafundisho yao.

Okot hakusimulia kisa hicho ili kuchekesha tu. Alitaka kuonyesha kwamba swali lenyewe lilikuwa limebeba jibu. Tena alisema kwamba huko Ulaya Wakristo walikuwa wakipambana na watu wasioamini Mungu, na katika vita hivyo waliichukua miungu ya Waafrika kama askari wa kukodiwa, wathibitishe kwamba kila taifa lamjua Mungu mmoja. Kwa maoni yake, wasomi hao waliivika miungu yetu mavazi ya Kiyunani isiyoyajua. Hakuwaacha hata walimu wake wa Oxford.

Aliyebishana naye zaidi kwa hoja alikuwa John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kitui, Kenya, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1931 na ambaye alifundisha Makerere. Mbiti alikusanya habari za mataifa mengi sana ya Afrika, akatoa vitabu mwaka 1969 na 1970, akishikilia kwamba babu zetu walimjua Mungu kabla ya mmisheni yeyote kufika. Hoja yake nayo ina uzito. Ilikuwa ikisemwa kwamba Mwafrika hana dini bali ushirikina, na Mbiti aliuondoa uwongo huo.

Sasa tutazame kwetu. Wamisheni Wajerumani, Wamoravia na wa Berlin, walifika Unyakyusa mwaka 1891. Leo Mnyakyusa Mkristo humwita Mungu Kyala. Lakini Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwamba zamani Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale, kama Lwembe, na kwamba kumfanya Muumba wa vyote kulitokana na mafundisho ya wamisheni. Wapo wasiokubaliana naye. Kwa Wahehe na Wabena jina ni Nguluvi, na huko nako swali laweza kuulizwa.

Kwa maoni yangu, Okot alishinda upande mmoja na kupungukiwa upande mwingine. Alishinda alipodai imani ya mtu ielezwe kama mwenyewe aijuavyo. Lakini kisa cha Rubanga chaeleza jinsi neno lilivyopatikana tu. Hakithibitishi kwamba Mungu hayupo. Neno laweza kuanza na maana ndogo, kisha likabeba kubwa. Tena yaliyotokea kwa Waacholi si lazima yawe yametokea Rungwe au Kalenga. Wote wawili, asiyeamini na aaminiye, walikuwa na jambo walilotaka liwe kweli.

Okot aliongoza nyumba ya michezo ya taifa ya Uganda, akaondolewa kazini, akaishi na kufundisha Kenya kwa miaka mingi. Alirudi Makerere mwaka 1982, na Julai mwaka huo huo akafariki, akiwa na umri wa miaka 51. Mbiti aliishi hadi mwaka 2019.

Sisi wanafunzi tunakaa bweni moja, Wakristo na Waislamu, na wengine wenye mashaka, nasi hubishana hata baada ya taa kuzimwa. Yafaa tushike kanuni hii: kabla hujaipinga imani ya mwenzako, ieleze mpaka yeye mwenyewe aseme kwamba ndiyo hiyo. Na likizo ikifika, tuwaulize wazee wetu habari za Kyala na Nguluvi tukiwaacha wamalize maneno yao, wala tusiwatilie jibu kinywani.