Delamere: Moyo uliokataa mapumziko hadi ulipozimika Loresho

WAKAZI wengi wa Loresho, mtaa wa kifahari ulioko magharibi mwa jiji la Nairobi, hupita kila siku katika barabara zake zenye miti mikubwa bila kukumbuka kwamba karibu karne moja iliyopita jina hilo lilitambulisha makazi ya mtu mmoja. Hapo ndipo alipokata roho, mnamo Novemba 13, 1931, Hugh Cholmondeley, maarufu kama Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kizungu nchini Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 61, na kilichomuua ni ugonjwa wa moyo.

Historia humkumbuka Delamere kwa sababu ya ardhi na siasa. Ni nadra kusimuliwa kama mgonjwa. Hata hivyo, miaka yake ya mwisho ilimfikisha kwenye njia panda ambayo maelfu ya wagonjwa wa moyo huifikia hadi leo. Je, mtu akubali kwamba mwili umechoka na ausikilize, au aendelee na shughuli zake kana kwamba hakuna lililobadilika?

Delamere alizaliwa Aprili 28, 1870 katika jimbo la Cheshire, Uingereza, katika ukoo wa kitajiri. Babake alifariki mwaka wa 1887, naye akarithi cheo na mashamba akiwa na miaka 17 pekee. Masomo hayakumvutia sana. Alipenda farasi na uwindaji, na kuanzia mwaka wa 1891 alikuwa akisafiri mara kwa mara hadi nchi ya Wasomali kuwinda simba.

Katika mojawapo ya safari hizo, mwaka wa 1894, simba alimwangusha na kuutafuna mguu wake. Aliyemwokoa ni Msomali aliyembebea bunduki, Abdullah Ashur, ambaye alimrukia mnyama huyo kwa mikono mitupu na kumpa mwajiri wake nafasi ya kuifikia silaha. Delamere alipona lakini alichechemea hadi kifo chake. Mtu mwingine huenda angerudi kwao na kutulia. Yeye, mwishoni mwa mwaka wa 1896, alianza safari nyingine kutoka pwani ya Wasomali akiwa na ngamia wapatao 200 na daktari aliyeitwa Atkinson, na mwaka uliofuata akatokea katika nyanda za juu za nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya.

Mandhari aliyoyaona huko yalimteka. Alimwoa Lady Florence Cole mwaka wa 1899, na haukupita muda mrefu kabla ya wawili hao kuiacha Uingereza na kuja kuishi Afrika Mashariki. Mnamo 1903, farasi alimwangusha na kumuumiza vibaya, akalazwa kwa muda mrefu. Ilikuwa katika mwaka huohuo ambapo aliandama serikali ya mkoloni kwa maombi ya ardhi. Ombi la kwanza lilikataliwa, la pili pia, na la tatu likakubaliwa. Alipewa ekari 100,000 eneo la Njoro kwa mkataba wa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka.

Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wamaasai walikuwa wamelisha mifugo yao katika Bonde la Ufa kwa vizazi vingi, na kwa mkataba wa mwaka wa 1904 waliondolewa humo ili kuwapisha walowezi. Mwaka wa 1911 walihamishwa tena, safari hii kutoka Laikipia. Delamere alijitangaza kuwa rafiki wa Wamaasai, alijifunza mengi kutoka kwao na kuwaajiri kama wachungaji. Lakini urafiki huo haukuwarudishia malisho yao, na mashamba ya Delamere yaliendelea kupanuka. Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, likawa shamba lake la pili.

Njoro nusura imfilisi. Udongo ulipungukiwa na madini ambayo mifugo huyahitaji, hivyo kondoo aliowaagiza kutoka ng'ambo walidhoofika na kufa kwa wingi. Ng'ombe walimalizwa na magonjwa. Alipogeukia ngano, mimea ilishambuliwa na kutu. Aliajiri mtaalamu wa mbegu, akajenga maabara shambani na kujaribu mbegu moja baada ya nyingine hadi zikapatikana zilizohimili ugonjwa huo. Mnamo 1908, alishiriki kuanzisha kampuni ya kusaga nafaka ya Unga Limited, ambayo jina lake bado linafahamika katika jikoni za Wakenya.

Gharama za majaribio hayo zilikuwa kubwa mno. Delamere aliweka rehani mali yake ya Uingereza, akakopa benki, kisha akakopa tena. Katika nyumba yake pia kulikuwa na majonzi. Lady Florence alifariki mwaka wa 1914, akiwa bado hajatimiza miaka 40, naye pia moyo wake ulishindwa. Mumewe aliachwa na mwana mmoja, Thomas. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka huo, alikwenda kufanya kazi ya upelelezi katika mpaka wa nchi ya Wamaasai na eneo lililotawaliwa na Wajerumani.

Baada ya vita, siasa ndizo zilizomtawala. Alichaguliwa kuwakilisha Bonde la Ufa katika Baraza la Kutunga Sheria mnamo 1920, na kiti hicho hakukiachia hadi alipofariki. Lengo lake lilikuwa kuifanya Kenya kuwa nchi itakayoongozwa na Wazungu wachache, na alipinga vikali madai ya Wahindi ya kupewa haki sawa. Serikali ya Uingereza ilipotangaza mwaka wa 1923 kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayopewa kipaumbele nchini Kenya, walowezi walipata onyo kwamba ndoto yao ingegonga mwamba. Delamere hakukata tamaa. Alisafiri, akaandaa mikutano, akatumia fedha zake mwenyewe kuwaunganisha walowezi wa Kenya na wenzao wa Tanganyika.

Mwaka wa 1928 alioa mara ya pili. Mkewe, Gwladys Markham, baadaye alikuwa Meya wa Nairobi. Loresho ndiyo iliyokuwa nyumba yao karibu na mji, mbali na vumbi la Soysambu lakini karibu na vikao vya Baraza. Kwa mtu aliyekaribia miaka 60, mwenye majeraha ya zamani na moyo ulioanza kulalamika, hapo palifaa kuwa mahali pa kupumzikia.

Dalili zilikuwa za kutisha. Maumivu ya kifua ya aina iliyomsumbua hutokea moyo unapokosa damu ya kutosha, nayo humbana mgonjwa hasa anapofanya kazi nzito au anapojawa na hasira. Matabibu wa enzi hizo waliyajua vyema maradhi hayo, ila uwezo wao wa kuyatibu ulikuwa mdogo. Mashine ya kupima umeme wa moyo ilikuwapo, na mvumbuzi wake, Willem Einthoven wa Uholanzi, alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1924. Dawa ya nitrogliserini ilituliza maumivu kwa muda. Zaidi ya hapo, tiba kuu ilikuwa kitanda. Mgonjwa aliambiwa alale, aache kazi, aepuke ghadhabu na asubiri.

Agizo la aina hiyo lilikuwa zito kwa Delamere kuliko dawa yoyote chungu. Kuanzia mwaka wa 1929, mdororo wa uchumi duniani uliporomosha bei za mazao, huku nzige wakivamia mashamba nchini. Madeni yake yalikuwa yakiongezeka kila mwezi. Mwaka wa 1930, serikali ya Uingereza ilitoa nyaraka mpya zilizosisitiza tena haki za Waafrika, na walowezi wakamtazamia kiongozi wao awatetee. Kupumzika kungemaanisha kuacha mashamba mikononi mwa wadai na siasa mikononi mwa wengine. Hakujiuzulu kiti chake wala uongozi wa walowezi. Aliendelea na mambo ya umma hadi mwaka wake wa mwisho, na moyo ukafuata nyuma ukiwa umechoka.

Wakati Delamere akiugua, mbali na Nairobi palikuwa na watu waliokuwa wakitafuta njia ya kuusaidia moyo kwa umeme. Mnamo 1928, daktari Mark Lidwill wa mjini Sydney, Australia, alitumia chombo cha umeme kuuamsha moyo wa mtoto mchanga. Mwaka wa 1932, miezi michache tu baada ya mazishi ya Delamere, Albert Hyman wa New York alichapisha maelezo ya mashine yake iliyozungushwa kwa mkono, akaipa jina ambalo leo Waswahili hulitamka pesimeka. Ilichukua miaka 26 zaidi kabla ya kifaa kama hicho kuwekwa ndani ya mwili. Oktoba 8, 1958, mjini Stockholm, daktari Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson kifaa kilichotengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kile cha kwanza kiliharibika baada ya saa chache, lakini Larsson alibadilishiwa vingine, akaishi hadi mwaka wa 2001 na kufikisha miaka 86.

Haifai hata hivyo kudhani kwamba pesimeka ingemwokoa Delamere. Kifaa hicho hurekebisha mapigo ya moyo, hasa yanapokuwa ya polepole mno kiasi cha kumfanya mtu apate kizunguzungu au kuzirai. Hakizibui mishipa ya damu iliyoziba. Maumivu ya kifua ya aina yake leo yangechunguzwa kwa njia nyingine na kutibiwa kwa dawa, kwa kuipanua mishipa au kwa upasuaji. Ndiyo maana swali la kwanza la mgonjwa mbele ya daktari ni kuhusu aina ya hitilafu aliyo nayo, kisha ndipo lifuate la kifaa gani na kwa gharama gani.

Kwa yule ambaye kasoro yake kweli ni mapigo, uamuzi uliopo leo haukuwapo kabisa mwaka wa 1931. Pesimeka hupandikizwa katika hospitali kubwa za Nairobi. Kwa kawaida huwekwa chini ya ngozi karibu na mfupa wa mtulinga, sehemu hiyo ikiwa imetiwa ganzi, na betri yake hudumu kwa miaka kadhaa kabla ya kubadilishwa. Wapo wanaosita kwa sababu ya fedha, wengine kwa hofu ya kisu, na wengine kwa sababu hawataki kukiri kwamba ni wagonjwa. Sababu mbili za kwanza zinaweza kujadiliwa na daktari na jamaa. Ya tatu ndiyo ngumu zaidi, na maisha ya Delamere yanaonyesha jinsi inavyoweza kumtawala hata mtu aliyezoea kupima kila mbegu kabla ya kuipanda.

Alizikwa Soysambu, mahali panapotazama Ziwa Elmenteita. Wadai walipofungua vitabu, ilibainika kwamba alikuwa ameacha deni la benki la takriban pauni 500,000, fedha nyingi mno kwa wakati huo, na mzigo huo ukamwangukia mrithi wake, Thomas.

Sanamu yake ilizinduliwa jijini Nairobi mnamo 1939, katika barabara iliyoitwa Delamere Avenue. Kenya ilipojinyakulia uhuru mwaka wa 1963, sanamu hiyo iliondolewa na kupelekwa Soysambu, nayo barabara ikapewa jina la Jomo Kenyatta. Nchi ya Wazungu aliyoipigania haikusimama. Ngano aliyoihangaikia bado hupandwa Njoro, Wamaasai hawajasahau malisho yao, na Loresho, nyumba ambamo moyo wake ulizimika, imekuwa jina la mtaa wa watu wengine.