Bildad Kaggia: Muumini Aliyelaumiwa Pande Zote

Msafiri atokaye Lodwar kuelekea Lokichoggio hupita Kakuma, na mbele kidogo hufika Kalobeyei. Makazi ya Kalobeyei yalianzishwa mwaka wa 2016 kwa nia ya kuwaweka wakimbizi na wenyeji Waturkana katika eneo moja, wapate shule, zahanati na masoko ya pamoja. Siku ya Ijumaa adhana husikika. Siku ya Jumapili nyimbo hupaa kutoka makanisa ya Wasudani Kusini, Wakongo, Waethiopia na Waturkana wenyewe. Mahali penye imani nyingi namna hii hapakosi maswali, na mojawapo ni hili: kwa nini mtu wa dini, hasa Mkristo, hulaumiwa kwa ajili ya imani yake? Je, anayemlaumu huwa anamchukia Mungu, au huwa ameona jambo ambalo mwumini mwenyewe halioni?

Makala haya yanalitazama swali hilo kupitia maisha ya mtu mmoja aliyeijua Turkana kwa sababu alifungwa humo. Huyu ni Bildad Kaggia, mmoja wa wale sita wa Kapenguria. Wengi humkumbuka kama mpigania uhuru na mtetezi wa wasio na ardhi. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mhubiri, na kwamba aliwahi kuanzisha kanisa.

Kaggia alizaliwa mwaka wa 1921 huko Dagoretti, karibu na Nairobi, ingawa maisha yake kwa sehemu kubwa yanahusishwa na Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati wa ukoloni. Alisoma katika shule ya misheni ya Kianglikana ya Kahuhia. Jina la Bildad limetoka katika Kitabu cha Ayubu. Msomaji wa Biblia atakumbuka kwamba Bildadi ni mmoja wa wale marafiki watatu waliokwenda kumfariji Ayubu katika mateso yake, kisha wakaishia kumlaumu. Walidhani kwamba mtu anayeteseka hana budi kuwa amekosa, nao waliyanena hayo kwa jina la Mungu. Mwishoni mwa kitabu ni wao waliokemewa, si Ayubu. Mtoto wa Kahuhia aliyepewa jina hilo alikuja kuishi katika nafasi zote mbili: ya mwenye kulaumu na ya mwenye kulaumiwa.

Alikulia katika kipindi cha msukosuko. Mwaka wa 1929 baadhi ya misheni katika nchi ya Wagikuyu ziliwataka waumini wao waikane hadharani tohara ya wanawake, la sivyo watengwe. Waumini wengi walihama. Wimbo wa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari, ulienea vijijini hata serikali ikaupiga marufuku mwaka wa 1930. Kutokana na mgogoro huo zilikua shule na makanisa huru ya Waafrika. Wakati huohuo walitokea Akurinu, watu wa maombi waliojitenga na misheni na wakavaa vilemba vyeupe. Mwezi wa Februari mwaka wa 1934 polisi waliwaua waumini watatu wa kundi hilo katika msitu wa Ndarugu, akiwemo kiongozi wao Joseph Ng'ang'a. Basi tangu utotoni Kaggia aliona kwamba Mkristo angeweza kushutumiwa na jirani yake kwa kuifuata misheni, na angeweza pia kuuawa na dola kwa kuiacha.

Baada ya shule alifanya kazi ya ukarani wa serikali, kisha akajiunga na jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huduma hiyo ilimfikisha Mashariki ya Kati, na hatimaye Uingereza. Alipata nafasi ya kuitembelea nchi ya Palestina, nchi ambayo shuleni aliijua kwa majina tu. Safari hizo zilimzindua. Aliona kwamba Ukristo haukuanzia Ulaya, na kwamba mambo mengi aliyofundishwa kuwa ni sheria ya Mungu yalikuwa desturi za Waingereza. Huko Uingereza aliwaona Wazungu wa kawaida wakiishi tofauti kabisa na walivyojionyesha katika koloni. Pengo lililokuwapo kati ya Injili na walioileta likamkaa moyoni.

Aliporejea nchini mwaka wa 1946 alianza kuhubiri. Hakuja kuukana Ukristo. Alitaka kuutenga na ukoloni. Alifundisha kwamba Mwafrika hahitaji kuchukua jina la Kizungu wala desturi za Kizungu ili akubalike mbele za Mungu, na kwamba Biblia isomwe bila kusubiri tafsiri ya mmisionari. Wafuasi wake hawakujali sana jina la kanisa lao. Watu ndio waliowaita kwa jina lake, watu wa Kaggia. Hapo ndipo lawama zilipoanza kumwandama. Wamisionari na wazee wa kanisa waliona kuwa ni mpotoshaji. Serikali iliona hatari, kwani mtu aliyekwisha kukataa amri ya mmisionari hakuwa mbali na kukataa amri ya mkuu wa wilaya.

Hatimaye Kaggia mwenyewe aliona kwamba mahubiri pekee hayatoshi. Akiwa karani wa benki mjini Nairobi aliingia katika harakati za vyama vya wafanyakazi, na mwaka wa 1951 yeye, Fred Kubai na wenzao walichaguliwa kuliongoza tawi la Nairobi la Kenya African Union. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Roots of Freedom, kilichochapishwa mwaka wa 1975, alikiri kwamba alikuwa pia katika kamati kuu iliyoendesha harakati za siri za kiapo.

Ni hapa ambapo maisha yake yanamtatiza yeyote anayetaka kumfanya shujaa asiye na doa. Katika Murang'a hiyohiyo walikuwako Wakristo wa uamsho ambao walikataa kula kiapo. Walishikilia kwamba aliyeshiriki damu ya Kristo katika meza ya Bwana hawezi kushiriki damu nyingine. Baadhi yao walikataa pia kushika silaha upande wa serikali. Kwa wapiganaji walikuwa wasaliti; kwa baadhi ya maofisa walikuwa watu wasioaminika. Wengi walipigwa na wengine wakauawa. Kanisa la kuwakumbuka lilijengwa mjini Murang'a, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Ndani yake msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika, alichora picha za ukutani zilizokamilika mwaka wa 1959. Katika picha hizo Kristo ni Mwafrika, na mandhari ni ya vilima vya Ugikuyu.

Msomaji atafakari kinaya hiki. Kaggia alidai Ukristo wenye sura ya Kiafrika, akalaumiwa. Waumini waliouawa kwa kukikataa kiapo cha harakati alizoziongoza ndio waliopata kanisa ambalo ndani yake Kristo amevikwa sura hiyo. Pande zote mbili zilikuwa na waumini wa kweli, na kila upande uliutuhumu mwingine kuwa umeuza kitu kitakatifu: mmoja ulisema ni ardhi na watu wake, mwingine ukasema ni Bwana wake.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na Kaggia akakamatwa pamoja na Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko. Walishtakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau. Tarehe 8 Aprili 1953 Hakimu Ransley Thacker aliwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Rufani ya Oneko ilifaulu, ingawa hakuachwa huru. Waliosalia wakafungwa Lokitaung, kaskazini ya Turkana, upande wa magharibi wa ziwa lililoitwa wakati huo Rudolf.

Lokitaung ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mbali na kila kitu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga Turkana kwa wageni kwa muda mrefu, na misheni hazikupata nafasi ya kujikita humo hadi njaa kubwa ya miaka ya 1960 na 1961 ilipolazimisha mlango kufunguliwa. Kwa hiyo mhubiri huyu aliyepambana na misheni alifungwa katika nchi ambayo karibu haikuwa na misheni hata moja. Palikuwa na jua, mawe, upepo na kazi ya sulubu. Hata miongoni mwa wafungwa hapakukosa mifarakano, na Kaggia na baadhi ya wenzake walitofautiana na Kenyatta. Waliotiwa pingu kwa kosa moja walikuwa wakilaumiana ndani ya boma moja. Kifungo kilipokwisha mwaka wa 1959 walihamishiwa Lodwar, wasiruhusiwe kutoka. Kaggia aliachiliwa mwaka wa 1961.

Uhuru ulipokuja alikuwa mbunge wa Kandara na katibu wa bunge katika Wizara ya Elimu. Wengi walitarajia kwamba mtu aliyeteseka kiasi kile angetulia na kula matunda ya uhuru. Hakutulia. Aliendelea kudai kwamba waliopoteza ardhi kwa ajili ya kupigana wapewe ardhi, na wasiuziwe kile kilichokuwa chao. Mwaka wa 1964 alipoteza wadhifa wake serikalini. Mwaka wa 1965, huko Kandara, Rais Kenyatta alimkemea mbele ya watu wake, akimlinganisha na wafungwa wenzake waliokwisha kujipatia mali, na kumuuliza yeye amejifanyia nini. Umaskini wake, ambao kwa mtu wa Injili ungeweza kuhesabiwa kuwa ushahidi, ulitajwa kama aibu. Mwaka wa 1966 alijiunga na Kenya People's Union ya Jaramogi Oginga Odinga, akashindwa katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo, na mwaka wa 1968 akafungwa tena, safari hii na serikali ya Waafrika. Mwaka wa 1969 alirudi KANU. Alifariki tarehe 7 Machi 2005, bila utajiri.

Maisha haya yanatufundisha nini kuhusu swali letu? Kwanza, yanaonyesha kwamba lawama nyingi dhidi ya Wakristo hazizaliwi na chuki ya Mungu, bali na umbali uliopo kati ya neno na tendo. Aliyehubiri upendo siku ya Jumapili na kuishi juu ya ardhi ya kunyang'anya siku ya Jumatatu alijiandikia lawama mwenyewe. Mkristo anayeita kila lawama mateso kwa ajili ya Kristo hujinyima kioo.

Pili, imani hulaumiwa inapotembea na mamlaka au na riziki. Katika Turkana makanisa yaliingia kwa nguvu wakati wa njaa, yakileta chakula, kisha shule na hospitali. Jimbo Katoliki la Lodwar, lililoanzishwa rasmi mwaka wa 1978, lina historia ndefu ya huduma hizo. Huduma hizo ziliokoa maisha, na ni dhuluma kuzibeza. Hata hivyo, imani iliyofika na gunia la unga haiwezi kuepuka kuulizwa kama wanaosali wanamtafuta Mungu au wanautafuta unga. Swali hilo si tusi. Hujibiwa vyema zaidi na yule anayempa chakula asiyesali kwa mkono uleule anaompa anayesali.

Tatu, zipo lawama ambazo mwumini huzipata kwa sababu ametenda haki. Waliokataa kiapo na pia kukataa bunduki hawakuwa wanafiki, na hakuna toba ambayo ingewaondolea lawama ile ila kuiacha imani yao. Vivyo hivyo Kaggia hakukemewa Kandara kwa unafiki; alikemewa kwa kusema katika uhuru yale aliyoyasema katika ukoloni. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kila mwenye mamlaka angependa nabii avutie upande wake.

Ugumu wa mwumini, basi, ni kuzitofautisha lawama hizi: ile inayomtaka atubu na ile inayomtaka asimame. Kipimo kimoja tunaweza kukipata katika maisha haya. Mtu aulize lawama hiyo ingemwondokea kwa kufanya nini. Ikiwa ingeondoka kwa kutenda haki zaidi, basi ni onyo, na atubu. Ikiwa ingeondoka kwa kutenda haki kidogo tu kuliko anavyotenda, basi na aibebe. Kaggia hakufaulu daima kuzitofautisha, maana naye, kama Bildadi wa zamani, alikuwa upande uliowahukumu waliokuwa wakiteseka bila hatia.

Kijana wa Kalobeyei anayesimama leo kati ya msikiti na kanisa, kati ya mgeni na mwenyeji, anaishi katika kaunti ileile iliyomweka Kaggia kifungoni. Akilaumiwa kwa ajili ya imani yake, asikimbilie kujitetea wala kukata tamaa. Aanze kwa kusikiliza. Huenda anayemlaumu ni Bildadi. Huenda pia ni Ayubu.