George Lilanga: Alikatwa miguu, mikono ikabaki kazini

JUNI 27, 2005, wakati wapenzi wa sanaa jijini Paris, Ufaransa, wakiendelea kumiminika katika jumba la Centre Pompidou kutazama maonyesho makubwa ya wasanii wa Afrika yaliyoitwa Africa Remix, mmoja wa wasanii hao alikuwa akiaga dunia jijini Dar es Salaam.

Huyo alikuwa George Lilanga, mchongaji na mchoraji wa Kimakonde, aliyeondoka duniani akiwa ameacha nyuma yake maelfu ya viumbe wa rangi kali wenye masikio makubwa, midomo iliyotuna na vidole viwili au vitatu katika kila mkono.

Wengi wanazifahamu picha zake hata kama jina lake hawalijui. Wachache zaidi wanafahamu kuwa sehemu ya kazi hizo aliifanya katika miaka ya mwisho ya uhai wake, akiwa amekatwa miguu kutokana na maradhi ya kisukari na akitumia kiti cha magurudumu.

Kutoka muhogo hadi mpingo

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika, katika familia ya Kimakonde. Kwa Wamakonde, kuchonga ni urithi unaopokewa kwa macho na mikono: kijana huketi karibu na mkubwa wake, hutazama, kisha hujaribu.

Naye alipita njia hiyo. Alianza na mizizi ya muhogo, ambayo ni laini na haina gharama, akaingia katika miti myepesi, na hatimaye akafika kwenye mpingo, mti mgumu unaomlazimisha mchongaji afikiri kwanza kabla ya kupiga tezo, kwa kuwa kilichokwisha kuchongwa hakirudi.

Wakati huo sanaa ya Wamakonde ilikuwa imepiga hatua kubwa. Katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alikuwa amefungua mlango wa mtindo ulioitwa shetani, uliopata soko jijini Dar es Salaam kupitia mfanyabiashara Mohamed Peera. Mtindo huo uliacha kuiga umbo la kawaida la mwanadamu, ukaleta viumbe wenye viungo vilivyopinda, vilivyopungua au kuzidi.

Shetani wa Wamakonde si yule wa vitabu vya dini pekee. Ni viumbe wa porini na majini, wengine wabaya, wengine wema, wengine watani tu, wanaoishi jirani na binadamu na kufanana naye kwa tabia. Lilanga aliwachukua viumbe hao na kuwafanya wenyeji wa kudumu wa kazi zake.

Mlinzi wa usiku mwenye kipaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga alihamia Dar es Salaam kutafuta maisha, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini. Mjomba wake, Augustino Malaba, naye mchongaji, alikuwa akifanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za mtawa wa Shirika la Maryknoll kutoka Marekani, Sista Jean Pruitt.

Kazi ya kwanza aliyoipata hapo haikuwa ya sanaa. Alikuwa mlinzi wa usiku. Lakini kituo hicho kilikuwa mahali ambapo kipaji hakikuulizwa cheti, na haikuchukua muda mrefu kabla ya michoro na vinyago vya mlinzi huyo kuonekana na kukubalika.

Akapewa nafasi miongoni mwa wasanii. Akajaribu batiki, ngozi, karatasi, uchapaji wa picha na uchoraji wa mbao ngumu. Baadaye alitumia rangi za kung'aa zinazouzwa madukani kwa ajili ya milango na magari, zile zile zilizokuwa zimempa umaarufu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972.

Hata hivyo, picha za Lilanga hazikufanana na za Tingatinga. Badala ya mnyama mmoja au ndege mmoja katikati ya ubao, yeye aliujaza ubao wote. Viumbe wake wanatwanga, wanabeba watoto, wanacheza ngoma, wanagombana, wanaugua, wanapelekana hospitali. Ni maisha ya uswahilini yaliyovishwa sura za mashetani.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani, na tangu hapo jina lake likaanza kutajwa nje ya Afrika Mashariki. Maonyesho mengine yalifuata Ulaya na Japani. Wapo wachambuzi waliolinganisha viumbe wake na vile vya Keith Haring, msanii wa New York aliyefariki mwaka 1990, ambaye naye alipenda kujaza nafasi kwa watu wanaorukaruka waliochorwa kwa mstari mzito.

Pigo la kisukari

Wakati sifa zake zikizidi kuvuka mipaka, mwili wake ulikuwa ukipungukiwa. Lilanga aliugua kisukari, ugonjwa ambao usipodhibitiwa huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, hasa miguuni. Mgonjwa huweza kupata kidonda asikihisi, kidonda kikakosa damu ya kutosha ya kukiponya, kikaoza, na daktari akabakiwa na njia moja tu ya kuokoa maisha.

Kuanzia mwaka 2000 ndivyo ilivyomtokea. Alikatwa miguu, na mtu aliyekuwa amezoea kulizunguka gogo la mpingo huku na huku ili kutafuta umbo lililojificha ndani yake, akawa mtu wa kuketi.

Mabadiliko hayo si madogo kwa mchongaji. Uchongaji wa mpingo hutumia mwili mzima: miguu hushikilia gogo, kiuno hutoa nguvu, mabega hushusha tezo. Anayeondolewa miguu huondolewa pia sehemu ya vifaa vyake vya kazi.

Lilanga hakuacha. Aliegemea zaidi uchoraji, kazi inayoweza kufanywa na mtu aliyeketi. Alizungukwa na wanafunzi na ndugu waliomsaidia kuandaa mbao na kupaka rangi, akiwamo mjukuu wake, Hendrick Lilanga, ambaye naye ni msanii anayejulikana.

Utaratibu huo ulizua maswali. Wapo walionunua picha zenye saini yake na kuhoji ni kiasi gani cha rangi kilitoka katika mkono wake mwenyewe. Swali hilo ni la haki katika soko la sanaa, lakini lina upande wa pili. Karakana yenye bwana na wasaidizi ni desturi ya kale, na Wamakonde wenyewe wamekuwa wakichonga kwa vikundi, mkubwa akitoa umbo na wadogo wakimalizia.

Kwa msanii mwenye ulemavu, msaidizi ni sawa na gongo au kiti cha magurudumu. Humfikisha pale ambapo fikra zake zimekwisha kufika.

Miili isiyo ya kawaida

Jambo moja hufikirisha kila anayetazama kazi za Lilanga akiwa anajua mwisho wa maisha yake. Kwa miongo mitatu kabla ya kukatwa miguu, alikuwa akichora miili ambayo haikukamilika kwa vipimo vya kawaida. Viumbe wake wana vidole pungufu, miguu iliyopinda na vichwa vikubwa kuliko viwiliwili.

Lakini hakuna anayeonewa huruma katika picha hizo. Hakuna aliyewekwa pembeni aombe. Kila mmoja ana kazi, ana jirani, ana ugomvi wake na furaha yake. Upungufu wa vidole haumzuii yeyote kushika mchi.

Hilo ni jambo ambalo sanaa nyingine nchini zimechelewa kulifikia. Katika filamu na michezo ya kuigiza, mtu mwenye ulemavu ameonyeshwa mara nyingi kama ombaomba, kama mtu aliyerogwa au kama kichekesho, na mara nyingi nafasi yake imechezwa na mtu asiye na ulemavu anayejifanya.

Utangazaji nao una historia yake. Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilitanguliwa na mdundo wa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona, aliyekuwa na uwezo wa kupiga ngoma zaidi ya kumi kwa wakati mmoja. Mdundo huo ulisikika nchi nzima, kuanzia pwani hadi Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, lakini wengi wa wasikilizaji hawakujua kuwa mpigaji wake haoni. Taifa liliitambua kazi kabla ya kumtambua mtu.

Sheria zipo, safari ni ndefu

Lilanga alipokuwa katika kiti cha magurudumu, Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Huduma na Maendeleo kwa Watu Wenye Ulemavu, mwaka 2004. Mwaka 2009, miaka minne baada ya kifo chake, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Maandishi hayo yanatambua haki ya kufanya kazi na kushiriki katika utamaduni. Maisha ya Lilanga yanaonyesha mahali ambapo maandishi pekee hayafiki.

Yeye alipoteza miguu akiwa tayari ana jina. Wanunuzi walimfuata, wasaidizi walikuwapo, na karakana ilikuwa yake. Kijana anayeanza safari akiwa na ulemavu hana hata kimoja kati ya hivyo. Anahitaji kwanza mlango unaopitika, mwalimu anayekubali kumfundisha na mtu wa kumwajiri kabla hajawa maarufu.

Umbali huongeza ugumu. Mchoraji au mwigizaji mwenye ulemavu aliyeko Ngara au Biharamulo yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, ziliko nyumba nyingi za maonyesho na kampuni nyingi za filamu. Safari hiyo humchosha mwenye miguu miwili. Kwa asiye nayo huweza kuwa ndiyo mwisho wa ndoto.

Hata hivyo, si lazima kila kitu kiwe pwani. Redio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995, wakati wa wimbi la wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi, na ikathibitisha kuwa studio inaweza kujengwa mpakani na sauti za wenyeji zikasikika. Kilichofanyika kwa ajili ya dharura kinaweza kufanyika kwa ajili ya vipaji.

Mlinzi wa usiku wa Nyumba ya Sanaa aligeuka kuwa mmoja wa wasanii wa Tanzania waliotambulika zaidi duniani kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetazama alichochora, badala ya kutazama kazi aliyoajiriwa kufanya. Alipokatwa miguu, waliokuwa karibu naye waliendelea kumtazama kwa jicho hilo hilo. Viumbe wake wenye vidole viwili bado wanatwanga, wanacheza na kubebana kwenye kuta za watu wa mataifa mengi, miaka mingi baada ya mkono uliowachora kupumzika.