Umar bin Abdul-Aziz na Damu ya Khubayb



Akitajwa Umar bin Abdul-Aziz (rahimahullah), wengi wetu hukumbuka taa ya serikali aliyoizima alipoanza kuzungumza mambo yake binafsi. Mimi naomba tumtazame kupitia kifo cha mtu mmoja.

Umar alikuwa wa ukoo wa Banu Umayya, na kwa upande wa mama ni kitukuu cha Umar bin al-Khattab (r.a.). Alikulia katika neema, mavazi ya thamani na manukato. Mwaka 87 H, binamu yake, Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, alimteua kuwa gavana wa Madina. Alianza vizuri: aliwakusanya wanazuoni kumi wa mji, akawataka wamshauri na wamfikishie dhuluma yoyote ya maofisa wake.

Kisha ikaja barua ya Khalifa. Khubayb, mwana wa Abdullah bin Zubayr, alikuwa amesema maneno yaliyowachukiza watawala, na gavana akaamriwa amwadhibu. Umar akatii. Khubayb alichapwa viboko, akamwagiwa maji baridi wakati wa baridi kali, akafariki.

Kwa utawala ule, jambo lilikwisha. Huko Iraq, al-Hajjaj alikuwa akimwaga damu za watu na bado akabaki madarakani. Umar naye angeweza kusema kuwa alitekeleza amri tu. Lakini wanahistoria wanasimulia kwamba alipopata habari ya kifo kile alianguka kwa majuto, na maisha yake yote, kila aliposifiwa kwa wema fulani, alimkumbuka Khubayb na kuuliza ataponaje naye mbele ya Allah.

Umar pia aliwapokea Madina watu waliomkimbia al-Hajjaj, na alimwandikia Khalifa kulalamikia dhuluma zake. Matokeo yake, mwaka 93 H ni Umar aliyeondolewa kazini.

Mwaka 99 H akawa Khalifa. Wakati huo jeshi la Waislamu lilikuwa limeuzingira mji wa Constantinople, na askari walikumbwa na njaa na baridi hadi wakala wanyama wao. Kulirudisha jeshi kulikuwa ni aibu kwa dola. Umar aliagiza warudi, akawapelekea farasi na chakula. Alimwandikia gavana wake wa Kufa asimuue mtu wala kumkata kiungo kabla ya kumshauri yeye kwanza. Huko Samarkand aliamuru zijengwe nyumba za wasafiri, na msafiri mgonjwa akae siku nyingi zaidi kuliko mzima.

Alifariki mwaka 101 H, akiwa na umri wa karibu miaka 40, baada ya kutawala chini ya miaka mitatu.

Suratul Maida, aya ya 32, inatufundisha uzito wa nafsi moja. Wengi wetu tukihitimu tutakaa kwenye ofisi za serikali, hospitali na mahakama. Barua zitapita mezani kwetu, na nyuma ya kila barua pana mtu. Naamini Umar aliwahurumia askari wale na wasafiri wale kwa sababu hakukubali kumsahau Khubayb.

Allah awarehemu wote wawili, na atujaalie tuogope damu ya mnyonge kabla hatujapewa kalamu ya kutia saini. Amin.