Tippu Tip: mtu wa Kasongo aliyeitwa kwa mlio wa bunduki

Kwetu Wamaza, Kasongo na Kabambare, jina la Tippu Tip halina haja ya kuelezwa. Kuna wanaolitaja kwa heshima, na kuna wanaolitaja kwa uchungu. Lakini si wote wanaofahamu kama jina hilo lilitokana na bunduki.

Jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, sultani wa Watabwa aliyeogopwa sana. Watu wa Nsama walikuwa wengi, lakini silaha yao ilikuwa mishale. Hamed alishinda na kukuta pembe nyingi za ndovu. Yeye mwenyewe alieleza kama wenyeji walisikia bunduki zake zikilia tip tip, wakamwita vile. Wengine wanasema ni sababu ya macho yake yaliyokuwa yanapepesa.

Bunduki za wakati ule, magobori, zilijazwa kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha risasi, halafu kushindilia na fimbo. Kazi hiyo ilichukua muda, na adui hangoji. Ndiyo maana bunduki ya mitutu miwili ilikuwa na bei: ukikosa mara ya kwanza, unabaki na risasi ya pili. Ilikuwa silaha ya mkubwa, si ya mpagazi.

Tena ilitaka kutunzwa. Moshi wa baruti nyeusi unaacha uchafu ndani ya mtutu, na uchafu huo unavuta maji. Katika pori letu lenye mvua, bunduki isiyooshwa kwa maji ya moto, kukaushwa na kupakwa mafuta, inashika kutu upesi. Fataki nazo zikiloa, silaha inakuwa fimbo tu.

Akiwa Kasongo, Tippu Tip alitawala inchi kubwa. Utetela alipokelewa kama ndugu, baada ya kudai kwamba bibi yake alitoka kule. Mwaka 1876 alikubali kumsindikiza Stanley kwa dola 5,000. Lakini utajiri wake tusiusifu bila kusema ulivyopatikana. Vijiji vilichomwa, watu walifungwa minyororo, na pembe zilibebwa mabegani mpaka pwani.

Nguvu hiyo ilikuwa na shida moja: baruti na fataki zilitoka mbali. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alipatana na Stanley kumpa wapagazi 600. Wapagazi walichelewa, na Stanley akamlaumu. Tippu Tip alijibu kama baruti na fataki walizopatana hakupewa. Mwaka 1890, kwa mapatano ya Brussels, mataifa ya Ulaya yalizuia bunduki za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka ule ule Tippu Tip alishika njia ya Zanzibar, na hakurudi tena.

Vita vilipokuja, mwana wake Sefu alibaki navyo. Askari wa Leopold walikuwa na mizinga, na bunduki za Albini zinazojazwa kwa nyuma, haraka. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare Januari 1894. Sefu alikufa katika vita hivyo. Baba yake aliandika maisha yake kwa Kiswahili, akafariki Zanzibar Juni 1905.

Leo wawindaji wanabeba kalibre 12, na magobori yale yameisha kwa kutu. Kilichobaki ni Kiswahili chetu, mchele wetu na misikiti yetu. Na wamebaki pia wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga, wanaokaa mtaa mmoja na kuoana. Wazee wakiwasimulia watoto habari za mtu huyu, wasiishie kwenye ushujaa wa bunduki. Wawataje na waliobeba zile pembe.